Kiingereza na Kodi ya Nyumba

Sina ugomvi na Waingereza, ila sarufi yao inanisumbua kuliko bei ya mkaa. Mtu asiye na hata nauli ya daladala, leo hii, mchana huu, akitaka kuieleza hali yake husema "If I had money", akaipeleka dhiki ya leo katika wakati uliopita kana kwamba ufukara umekwisha na sasa unasimuliwa. Anayetaka kuzungumzia ukata wa jana kwelikweli hana budi kurudi nyuma hatua nyingine, aseme "If I had had money", neno moja limepangwa foleni nyuma ya nafsi yake. Sisi tunachomeka "-nge-" katika vitenzi vyote viwili, ningekuwa nazo ningekulipa, na mdai anaelewa papo hapo kwamba halipwi.

Shuleni tulichapwa kwa kuandika "I were". Tulipofika mlango wa masharti, katika "If I were you", tukachapwa kwa kutoiandika.

Na ukitaka kukubali jambo huku unalipinga, ubahili unaanza. Kwetu mtu husema, "Ingawa mvua inanyesha, lakini nitakuja," na hakuna anayemnyima chai. Kwao ukishataja "although", basi "but" imepigwa marufuku. Mpwa wangu aliomba kazi ya udereva akaandika "Even if I have a licence", akikusudia kwamba leseni anayo ingawa uzoefu ni mdogo. Alipaswa kuandika "even though", inayothibitisha jambo, kwa maana "even if" huliacha likining'inia. Aliyeisoma barua alimpigia simu kuuliza swali moja tu: "Kijana, leseni unayo au huna?"

Lakini yote hayo ni afadhali kuliko mkataba wetu wa pango, ambao kwa sababu zisizojulikana uliandikwa Kiingereza ilhali nyumba iko uswahilini na choo ni cha kuchangia. Kifungu kimoja kinaanza, "Should the tenant fail to pay". Jirani yangu, aliyefundishwa tangu darasa la tano kwamba "should" ni "anapaswa", alimweleza mwenye nyumba kwa heshima zote kwamba mpangaji anapaswa kushindwa kulipa, na kwamba yeye, kama muungwana, amekitekeleza kifungu hicho kikamilifu.

Mzee alivaa miwani, akasoma, akatoa jasho, akamwita mwanawe anayesoma chuo. Kijana akaeleza kwamba "should" ikitangulia mtenda katika sentensi ya namna hiyo huwa ni "if" iliyojificha.

"Ijifiche, inadaiwa na nani?" akauliza jirani.

Kijana akakosa jibu. Mzee akavua miwani. "Bwana, ungalilipa tarehe tano, tusingalikuwa hapa tukisomeshana Kiingereza."