Mbona Wao Hawaulizani "Umefika Wapi?"

Nimeitazama televisheni muda wa kutosha kuidai maelezo. Mapenzi siidai, jamani, hayo kila mtu na riziki yake. Nadai maelezo ya simu tu.

Mwanaume wa tamthilia anapiga. Dada anapokea. "Tuonane saa mbili." "Sawa." Wanakata. Hakuna aliyeaga, hakuna aliyetaja mahali. Na ikifika saa mbili wote wawili wako mezani, mshumaa unawaka, gauni la dada halina hata kunyanzi. Hivi walielewanaje hawa? Mimi kukutana na mtu mmoja kunahitaji mawasiliano kama ya kutua ndege. Wapi? Mlango upi? Nimefika. Upande gani? Nimevaa bluu. Hapana, bluu iliyoiva. Anayekupungia mkono siyo mimi. Halafu chaji inaisha, na mtu aliyekuwa nyuma ya ukuta ule ule anarudi kwao akiamini nimemtosa.

Na hapo ni kwa yule aliyejibu. Kazi kubwa ya kutafuta mwenza siku hizi ni kusubiri, na huko kusubiri tamthilia hazikuonyeshi. Umetuma ujumbe, umeuona umesomwa, tiki zimekuwa bluu kama bahari. Juu pale panaandika "anaandika…" Panaacha. Panaandika tena. Panaacha. Moyo unapanda na kushuka hapo, mwenzangu, kuliko katika busu lolote lililopigwa kwenye mvua. Baada ya hapo anakuja na "Poa." Herufi tatu! Muda wote ule alikuwa anaandika nini, katiba?

Halafu kuna lile shuka. Dukani silipati. Upande wa mwanaume linaishia kiunoni, upande wa mwanamke linafika kwapani, na shuka ni moja. Fundi aliyelikata alikuwa na lake. Dada anaamka, rangi ya mdomo ipo palepale, nywele zimelala vizuri kumshinda yeye mwenyewe. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye rimoti hapa nyumbani kwa haki ya umri, huwa anauliza swali moja tu: "Huyu amelala, au amelazwa?"

Tusiseme zamani ilikuwa nafuu. Waigizaji wa Marekani Lucille Ball na Desi Arnaz walikuwa mke na mume wa kweli, ndoa halali, lakini ndani ya tamthilia yao I Love Lucy, iliyoanza 1951, kila mmoja alikuwa na kitanda chake. Mtoto akapatikana hivyo hivyo. Mtu asituambie intaneti ndiyo imeleta maajabu.

Ndiyo maana nilipomwona Issa wa tamthilia ya Insecure, iliyoanza 2016, amelala na kitambaa kichwani, nilimwita Shangazi aje ashuhudie. Binti anafunga nywele usiku kama mtu mwenye akili! Tena anaingia bafuni, anasimama mbele ya kioo na kujirapia yale yote ambayo mbele ya mwanaume hayatoki mdomoni. Kwangu mimi hayo ndiyo mazungumzo ya kweli kabisa ya mapenzi niliyowahi kuyaona kwenye skrini. Mwanamke, kioo, na maneno makali ambayo mhusika hatayasikia kamwe.

Watu wanalalamika eti wanaume wa tamthilia si wa kweli, wazuri mno, wana muda mno. Mimi hao nawakubali. Kuna mtu hushinda bahati nasibu, basi na mwingine naye apate mume anayesikiliza. Ninachokikataa katakata ni wale marafiki. Chukua Sex and the City, 1998 mpaka 2004, sehemu 94. Carrie ni mwandishi wa safu, Miranda ni mwanasheria, Samantha ana kampuni yake, Charlotte anasimamia jumba la sanaa. Watu wanne wenye kazi, ndani ya jiji la New York, na bado unawakuta asubuhi meza moja, wameoga, wamependeza, wamekaa wanne kamili. Hakuna aliyesema "nipo njiani" akiwa bado anatafuta taulo.

Sisi tuna kundi la simu lililoundwa kwa shughuli moja tu, kukutana. Lina mwenyekiti, lina mweka hazina, lina picha nzuri. Kukutana hatujakutana. Mmoja mtoto anaumwa, mwingine zamu yake imebadilishwa, wa tatu amesoma akanyamaza, wa nne ameweka kile kidole gumba, ambacho mpaka leo sijui kama kinasema anakuja au anatutakia mema.

Na wale wakikutana ajenda ni moja, wanaume, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku sisi tukijaliwa, tutazungumza kodi ya nyumba, mgongo, bosi, mzazi anayezeeka, nani amebadilisha daktari. Tukiwa tumeshasimama, tumebeba mikoba, ndipo mmoja atakumbuka: "Hivi yule wako aliishia wapi?" Nami nitauliza: "Yupi?"

Lakini haki yao niwape. Mwaka 2002 walitoa sehemu ambayo Carrie anatakiwa kununua nyumba yake au aondoke, benki inamwona hana kitu, ndipo anapigiwa hesabu kwamba kama dola 40,000 zimeishia kwenye viatu. Nilisimama nikapiga makofi. Hatimaye televisheni imefungua daftari la madeni! Sijakaa sawasawa, Charlotte akamkopesha pete ya uchumba ya ndoa yake iliyovunjika, tatizo likaisha. Mimi nikilipeleka hilo kwenye kundi letu, najua kitakachokuja. Kidole gumba.

Sasa tufike Paris, maana hapo ndipo damu yangu huchemka. Februari 2004, Carrie yuko Paris. Ameshaacha safu yake kwa ajili ya mwanaume, naye mwanaume huyo hana habari naye. Anakuja mwanaume mwingine, yule aliyemsumbua tangu sehemu ya kwanza, kumrudisha New York. Mei mwaka huo huo, katika Friends, tamthilia nyingine ya marafiki wa New York, Rachel amepata kazi nzuri Paris, tiketi mkononi, ameshapanda ndege. Anashuka. Kwa ajili ya Ross, yule wa kuachana na kurudiana naye! Yaani haikutimia miezi mitatu, wanawake wawili wameiacha Paris kwa sababu ya wanaume waliokuwa na misimu mizima ya kuamua na hawakuamua. Tiketi ile ilirudishwa hela? Mwajiri aliambiwa nini? Hakuna anayeuliza, muziki umeshapanda.

Ukweli uliopo pale ni kwamba Ross alikimbilia uwanja wa ndege ambao sio. Alikwenda JFK, ndege inaondokea Newark. Huyo ninamfahamu. Huyo nimeshatoka naye.

Na huyo wa Carrie, msimu wa kwanza mpaka wa sita tunamwita Big tu. Mwishoni kabisa ndipo jina linatokea kwenye simu, John. Misimu sita, bibie! Shangazi angelipata kabla kijana hajavua viatu, pamoja na jina la babu yake na sababu iliyomfanya baba yake mdogo aache kazi.

Shangazi mwenyewe ni mtalaka, tena wa kujivunia. Nilimsimulia kwamba mwaka 1970, walipoandaa kipindi cha Mary Tyler Moore, waandishi walitaka mhusika awe ameachika, kituo cha CBS kikakataa, ikabidi wamfanye msichana ambaye uchumba wake umevunjika. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo televisheni iliogopa mimi nisionekane." Akaongeza sauti.

Yeye anapenda vile vipindi anavyoviita vya kweli, kwa sababu "hawa hawaigizi." Kama The Bachelor, iliyoanza 2002 na wanawake 25 kwa mwanaume mmoja. Nikamwambia, Shangazi, yule wa kwanza, Alex Michel, alimchagua Amanda Marsh, wala hakumchumbia, na wakaachana. Akanijibu kwamba mwaka uliofuata walimpa mwanamke achague, Trista Rehn, akamchagua Ryan Sutter, na Desemba 2003 wakaoana. "Ulipompa mwenye macho kuchagua, alichagua." Hapo alinipata, sikatai. Ila na mimi nikamweleza kwamba washiriki wananyang'anywa simu. Siyo ajabu wanapendana haraka namna ile! Hakuna tiki za bluu, hakuna "anaandika…", hakuna mtu wa kumchunguza picha zake mpaka za shule ya msingi. Nifungie nami kwenye jumba lenye bwawa bila simu, nitampenda hata anayekuja kubadilisha balbu.

Basi nimeamua kuandika yangu, ya uhalisia mtupu. Sehemu ya kwanza, jamaa anaandika. Sehemu ya pili, ameacha kuandika. Ya tatu ni kikao cha dharura cha kundi kujadili maana ya "Poa", na hawajafika watu wa kutosha. Ya nne, wamekubaliana kuonana, mmoja yuko mlango wa kaskazini, mwingine wa kusini, chaji asilimia mbili. Ya tano anasema amelala mapema jana ndiyo maana.

Nikampelekea Shangazi wazo. Alinisikiliza kwa heshima yote, hata miwani akavua.

"Mama mkwe anaingia sehemu ya ngapi?"

Nikamwambia hayumo.

"Na mtoto aliyebadilishwa hospitalini?"

Hayumo.

"Pacha?"

Nikatikisa kichwa. Akavaa miwani, akachukua rimoti.