Nani atamwita bintiye Chausiku?

Wanaosema majina ya kizamani yamekufa hawajasoma cheti cha kuzaliwa mpaka mwisho. Mtoto anaitwa Jayden, sawa. Lakini baba yake ni Shomari na babu yake ni Mashaka, na kwa utaratibu wetu Watanzania wa majina matatu, mwalimu atamwita Jayden Shomari Mashaka mpaka amalize kidato cha nne.

Hapo wanaume tumebahatika. Jina la babu hata likichakaa lina kiti chake kule mwishoni. La bibi halina. Sijawahi kukutana na Jayden Shomari Chausiku. Kwa hiyo akina Mwajuma, Mwanaidi, Siwema, Sikudhani na Mwantumu wakiondoka, wanaondoka na majina yao.

Mtaniambia Pwani mjukuu hupewa jina la bibi yake, na wenye jina moja wakaitana somo. Ni kweli, na ndiyo desturi iliyoyabeba majina haya miaka yote. Ila mkamwana hawezi kulitamka jina la mama mkwe ovyo ovyo, tena kwa kumgombeza mtoto! Basi binti anakua akiitwa Bibi, au Mama, au Kibibi, na jina lenyewe linasikika siku ya kuandikishwa shule.

Halafu vichekesho vikamalizia kazi. Kwenye maigizo yetu mfanyakazi wa ndani ni Sikitu au Tabu, bosi wake ni Vanessa. Mwajuma wa watu akabandikwa "Ndala Ndefu" na kugeuzwa kichekesho cha mjini. Mzazi gani atampeleka bintiye darasani na mzigo huo?

Kwa wavulana upepo hugeuka haraka. Mbwana lilikuwa jina la mzee wa kwenye bao. Akaja Mbwana Samatta, akiwa TP Mazembe akatwaa tuzo ya 2015 ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika, akaenda Genk, na tarehe 1 Machi 2020 akaifungia Aston Villa pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Villa walilala 2-1 mbele ya Manchester City, lakini kuanzia hapo jina la Mbwana halina uzee tena. Sasa mtazame Mwanahamisi Omari, mmoja wa wachezaji wakubwa waliopita Twiga Stars. Mashabiki walimwita Gaucho. Mpira ulikuwa wake, sifa ikaenda kwa jina la kuazima. Taarabu ndiyo imewatendea haki: Mwanahawa Ali anatajwa Mwanahawa, na ukumbi unanyanyuka.

Mimi naamini Chausiku atarudi. Atakayemrudisha, hata hivyo, hatatoka Tandale. Atakuwa mama wa Masaki au Mbezi Beach, nywele za asili, ambaye bibi mzaa mama yake alishatangulia, kwa hiyo jina halimkumbushi mtu wa kumfokea. Mtoto wa Tandale akiitwa Chausiku ni ushamba, wa Masaki akiitwa Chausiku ni ubunifu. Ni dhuluma, naam, lakini vitenge navyo vilirudi mjini kwa njia hiyo hiyo. Uingereza wanaitana Arthur, Ivy na Florence upya, majina ya akina babu na bibi kabisa, wala hakuna anayecheka.

Wakatoliki nao wana hazina yao ya misheni: Skolastika, Eufrasia, Leokadia. Hilo la mwisho naliona likirejea hata kesho, maana linakatika vizuri, Leo ukitaka, Kadia ukitaka. Polikapi tumwachie mtakatifu mwenyewe.

Yapo ambayo sitamani yarudi. Shida, Tabu, Matatizo. Sina neno na walio nayo, na wengi wameyabeba kwa heshima kuliko sisi wenye majina matamu. Lakini yalitolewa kwa sababu: njaa ya mwaka ule, msiba, watoto waliotangulia kufa kabla ya huyu, ndoa iliyokuwa inayumba. Jirani aliyesikia jina alijua nyumba ile imepita wapi. Kumpa mtoto wa leo jina la Shida kwa sababu linapendeza kwenye picha ni kuvaa kaniki ya matanga kwenda harusini.

Shemeji yangu ana mimba kubwa na ameniuliza kama watu watamcheka akichagua Chausiku. Watacheka, nimemwambia, mwaka mmoja au miwili. Sharti langu ni kwamba aliandike la kwanza kwenye tangazo la kizazi palepale hospitalini, lisiwe jina la pembeni la kuitwa na bibi tu wakati wa likizo. Na mashangazi wakija na manukato yao siku ya arobaini, wakaanza kulifupisha liwe Chichi, wakatazwe mapema.