Mwisho Tumeupata, Mwanzo Uko Wapi?

Kuna sehemu ndani ya The Final Shape, nyongeza ya gemu ya Destiny 2, nimeipita mara mbili, na mara zote mbili machozi yamenitoka. Cayde-6, shujaa wa gemu hiyo aliyeuawa mwaka 2018, yu hai tena ndani ya Traveler, lile tufe kubwa jeupe lililokaa miaka mingi likielea juu ya jiji la mwisho la wanadamu. Pamoja naye yupo Crow. Huyu Crow alifufuliwa bila kumbukumbu yoyote ya maisha yake ya kwanza, na ilimchukua muda mrefu kuujua ukweli: kwamba zamani aliitwa Uldren Sov, na mkono wake ndio uliomtoa Cayde roho. Sasa aliyeuawa na aliyeua wako njia moja, wanapambana na adui mmoja, na Cayde hamgeuzii kisogo.

Kwa asiyeijua Destiny, nitaeleza kwa ufupi. Ni gemu ya kufyatua risasi ya Bungie, kampuni ya Marekani iliyoanzisha Halo. Huchezwa mtandaoni, watu wanaingia vitani pamoja, wanakusanya silaha, na hadithi imekuwa ikiongezwa mwaka hadi mwaka. Ya kwanza ilitoka tarehe 9 Septemba 2014, Destiny 2 ikafuata Septemba 2017. The Final Shape ilitoka tarehe 4 Juni 2024 baada ya kusogezwa kutoka Februari, nayo ndiyo iliyofunga ile vita ndefu ya Nuru na Giza. Adui wake, The Witness, anataka kuugandisha ulimwengu mzima katika umbo moja lisilobadilika tena.

Nasema bila kusita: ni mwisho mzuri. Nimecheza gemu nyingi zilizomalizika kwa kukurupuka, kama mgeni aliyekumbuka ghafla kwamba basi linaondoka. Hii haikukurupuka. Kila mtu unayemkuta mle ndani ana deni la miaka, na anapewa nafasi ya kulilipa.

Mtazame Zavala, kamanda. Sauti yake ilikuwa ya Lance Reddick, naye Reddick hakuwa mtu wa kuja studio, kusoma mistari na kuondoka. Alikuwa akiicheza gemu yenyewe. Alifariki tarehe 17 Machi 2023. Siku hizo, ukiingia kwenye Mnara, mahali wachezaji hukutana ndani ya gemu, ulikuta umati umemzunguka Zavala pale anaposimama siku zote, amelielekea jiji. Watu wasiojuana, kila mmoja na vazi lake la vita, wamesimama kimya, wengine wakipiga saluti. Haikuwa misheni, wala hapakuwa na zawadi yoyote ya kupata. Ulikuwa msiba, na watu walikuja kuhani. Keith David alipopokea sauti hiyo alipewa mzigo mzito, maana ndani ya The Final Shape Zavala anaikosa imani yake yote na kumpoteza Targe, mwenzi wake mdogo wa kuruka aliyemfufua na kuwa naye tangu mwanzo. Mzigo huo Keith David ameubeba. Unamsikia mzee aliyechoka, na wakati huohuo unamkumbuka aliyetangulia.

Halafu misheni ya mwisho, Excision. Haikufunguliwa mpaka kikosi cha kwanza duniani kilipomaliza reidi, yaani misheni ndefu na ngumu ya kikosi, ya Salvation's Edge, kazi iliyokaribia saa kumi na tisa. Ilipofunguliwa, tuliingia watu kumi na wawili kwa pamoja, mimi sikumjua hata mmoja, tukamkabili The Witness. Cayde akatoa Nuru yake, nguvu iliyomweka hai, ili mwenzi mdogo wa kuruka wa mchezaji arudi hai, akaondoka safari hii kwa hiari yake.

Na hapa ndipo penye donda langu.

Uzito wote huo unatoka kwenye Forsaken, nyongeza ya Septemba 2018, ambamo Cayde anauawa. Kampeni ya Forsaken, yaani mfululizo wa misheni za hadithi yake, iliondolewa ndani ya gemu Februari 2022. Kabla yake, Novemba 2020, iliondolewa The Red War, yaani hadithi yenyewe iliyoifungua Destiny 2. Watu walikuwa wamezilipia. Vipande vichache vimerudishwa baadaye, misheni moja hapa na moja pale, za kuonjesha tu. Anayeanza leo anapewa mwisho mtamu wa hadithi ambayo hakuwahi kuambiwa paukwa, na anategemewa aitikie pakawa.

Sababu waliyotoa Bungie naielewa. Gemu ilikuwa imevuka GB 100, na kila kilichoongezwa kiliifanya iwe ngumu zaidi kuitunza. Sisi tunaopakua kwa bando tunaujua uzito wa GB 100 kuliko wengi. Lakini dawa ya ghala lililojaa ni kujenga stoo nyingine. Wangeziweka kampeni hizo kando, anayezitaka azipakue, asiyezitaka aziache. Hata zikichezwa na mtu mmoja peke yake, bila mtandao, zinatosha.

Jambo likafika mpaka mahakamani. Mwaka 2025, katika kesi ya hakimiliki huko Louisiana kuhusu The Red War, Bungie hawakuweza kuifungua kampeni yao wenyewe ili ionekane. Walipeleka video za YouTube na kurasa za tovuti za aina ya Wikipedia zilizoandikwa na mashabiki, na jaji hakukubali kuzitegemea. Nilisoma habari hiyo nikaumia kweli. Kazi ya mamia ya watu, wachoraji, wanamuziki, waandishi, waigizaji, leo inaishi kwenye video alizorekodi mtoto wa mtu chumbani kwake kwa mapenzi tu. Na wanaoijua kazi ile kwa mikono yao wanazidi kupungua: tarehe 31 Julai 2024, hata miezi miwili haijatimia tangu The Final Shape itoke na kusifiwa, Bungie walipunguza wafanyakazi 220.

Mpwa wangu ana miaka kumi na minne. Likizo iliyopita nilimwachia padi acheze The Final Shape tangu mwanzo, nami nikakaa nyuma yake. Anapiga vizuri kunishinda. Alipofika kwa Cayde na Crow aliona wanaume wawili wanaongea kwa kusitasita, akabonyeza kuwaruka.

Baadaye alikuwa anapekua silaha zangu, akasimama kwenye bastola moja yenye alama ya shupaza, kama ya kwenye karata.

"Mjomba, hii kali. Ya nani?"

"Ya Cayde. Ndiyo aliyouliwa nayo."

Akageuka. "Aliyouliwa nayo? Na nani?"

"Na yule uliyemruka."

Akaweka padi chini. Nikazima sauti ya televisheni, nikaanzia gerezani, Prison of Elders, wafungwa walipoachiliwa, naye Cayde akashuka chini peke yake kuwafuata. Nilipofika pale Uldren anapoiokota bastola ile, mpwa wangu alikuwa ameshavuta kiti karibu. Nilipomaliza aliniomba nimrudishie sehemu aliyoiruka.