San Ysidro, Jumapili Jioni

Kwenda Tijuana, Mexico, ni mteremko. Unatoka San Diego, Marekani, hata kahawa haijapoa ushavuka mpaka pale San Ysidro. Nyanya, ndimu, maharage, daktari wa meno, vyote kwa bei ya kukufanya ujione tajiri. Haya, sasa rudi!

Jamani, foleni ile! Saa ya kwanza unavumilia. Saa ya pili anayekuchomekea unamlaani yeye na ukoo wake. Saa ya tatu churro umekula, burrito umekula, na mchuuzi wa masanamu ya udongo keshakuzoea. Hivi nani hununua sanamu kubwa hivyo katikati ya foleni? Pembeni huko wenye kadi za SENTRI, wale waliochunguzwa mapema ili wapite haraka, wanateleza, muziki juu, kama wanakwenda harusini. Choo je? Usiniulize.

Unafika kibandani, afisa wa mpakani anauliza: "Umebeba nini?" Mayai mabichi hayavuki. Nguruwe mbichi, havuki. Ukificha, faini. Trei nzima ya mayai pipani, ilhali petroli uliyochoma ingenunua kuku mwenyewe, na mabanda yake!

Na wewe unayecheka hapo, si ndiye uliyenipigia honi gari la nyuma?