Mwacheni mtoto wa baiolojia aingie darasa la kompyuta

Jumamosi nilimfuata mdogo wangu wa kike chuoni, yuko mwaka wa tatu BSc ya baiolojia, nikamkuta vimbwetani kainamia kaunta buku na kalkuleta, macho mekundu. Nimeondoka pale roho inaniuma na mpaka leo haijatulia.

Ile kaunta buku ndiyo risechi yake. Wiki sita kazunguka majaruba ya mpunga anatafuta viluwiluwi vya mbu, anachota na upawa, anamimina kwenye karai jeupe, anahesabu kimoja kimoja. Akanielekeza na namna ya kuvijua, cha Anopheles, mbu wa malaria, kinalala sambamba na uso wa maji, cha Culex, mbu wa aina nyingine, kinaning'inia kichwa chini. Yaani mtoto anaijua kazi yake! Sasa ana mistari zaidi ya elfu moja na anaijumlisha kwa kalkuleta, kidole kikiteleza anaanza ukurasa upya. Namuuliza kwa nini usifanye kwa kompyuta, ananiambia kaka, mwaka wa pili niliomba kusoma kozi ya programu kule idara ya kompyuta nikaambiwa hiyo siyo ya kwenu. Kozi ya kompyuta aliyowahi kupewa ni ile ya mwaka wa kwanza, taja sehemu za kompyuta, tofautisha hiki na kile, na mtihani wake ukafanywa kwenye karatasi.

Kimbweta cha pili alikaa kijana wa sayansi ya kompyuta, jirani yetu wa mtaani, na laptopu yake. Naye yuko kwenye projekti ya kumalizia, anatengeneza mfumo wa maktaba. Waliomtangulia nao walitengeneza mfumo wa maktaba, na wengine mfumo wa hospitali ambao hakuna hospitali iliyouomba. Kijana anaandika Python, lugha ya kuandikia programu, vizuri kabisa ila hana swali la kuipa, na hatua tatu kutoka kwake kuna binti ana maswali daftari zima. Wamekula kantini moja miaka mitatu na hakuna mtu chuoni aliyewahi kuwakutanisha.

Na hizi elimu hazikuzaliwa mbalimbali hivi. Ile t-test, hesabu ya kupima kama tofauti unayoiona ni ya kweli au ni bahati tu, ambayo mdogo wangu anakaririshwa fomula yake ilitoka kiwanda cha bia. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa Guinness kule Dublin, tatizo lake lilikuwa shayiri, ana vipimo vichache tu na inabidi aamue mbegu ipi bora, na hesabu za wakati ule zilitaka vipimo vingi. Akakaa akatafuta njia ya vipimo vichache, mwaka 1908 akaichapisha kwa jina la Student kwa sababu kampuni haikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao. Tatizo lake lilikuwa la shamba, la hesabu na la biashara ya mwajiri wake, yote kwa pamoja! Leo kitu hichohicho wa baiolojia anakisoma kwenye kozi yake, wa uchumi kwenye yake, wa fedha naye kwenye yake, wote wanahangaika na p-value ileile, namba inayotoka kwenye hesabu hiyo, na hakuna anayejua mwenzake anaumwa ugonjwa huohuo. Darwin alimsoma Malthus, mtu wa uchumi, mwaka 1838, ndipo akapata pa kushika kwenye mawazo yake ya viumbe kugombania maisha. Brown alikuwa mtu wa mimea, mwaka 1827 aliangalia chembe ndogo za ndani ya chavua zikicheza kwenye maji, na mwaka 1900 Bachelier, mtu wa hesabu, akapigia bei za soko la hisa la Paris hesabu za mwendo wa namna ileile. Sasa ukuta huu sisi tumejenga ili uzuie nini?

Najua nitaambiwa wahadhiri wachache, kompyuta chache, ratiba zinagongana. Sawa, ni kweli, darasa la watu mia nne halina pa kumweka mgeni. Lakini huyu hakuomba darasa zima lihamie kule, aliomba kiti kimoja, na hata kumsikiliza hawakumsikiliza.

Kuna na nyumbani. Shangazi kila tukikutana anauliza huyu ataajiriwa wapi, si bora angesoma mambo ya benki. Shangazi wangu nampenda ila hapo anakosea, malaria bado inatuulia watoto na mtu anayejua mbu wanazaliana wapi tunamhitaji sana.

Basi nikamwita yule kijana. Ile data ilikuwa bado kwenye daftari kwa hiyo tukakaa watatu, binti anasoma, mimi nahakiki kwa kidole, kijana anachapa, mpaka giza likatukuta na kurasa zimebaki. Jumapili wakamalizia wenyewe. Programu ikakamata mistari iliyoandikwa mara mbili, halafu ikachora grafu, majaruba yaliyokaushwa kila wiki mstari wake unashuka na yaliyoachwa na maji unapanda. Mdogo wangu kanitumia picha ya ile grafu saa tano usiku, hakuandika neno hata moja chini yake.

Jumatatu kijana akaenda kwa msimamizi wake kuomba abadili projekti, afanye hiyo ya viluwiluwi. Kajibiwa alete mfumo. Karudi kwenye maktaba.