Mtu wa kati kwenye umeme ana kazi gani Mwanza?

Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini liko Rufiji. Ili umeme ufike Nyakato au Igoma lazima upite kwenye laini na transfoma, na kila kimoja kina kikomo chake. Saa mbili usiku kinachoweza kukwama ni njia, hata kama mitambo ina umeme wa kutosha.

Uholanzi, ambako maelfu ya kampuni ziko foleni zikisubiri kuunganishwa kwenye gridi, yaani mtandao wa laini za umeme, imeruhusu kampuni za kati. Hizi hukusanya wateja walio tayari kupunguza matumizi kwa muda, kisha humuuzia mwendesha gridi punguzo hilo. Ukilieleza wazo hili Mwanza, jibu huja haraka: TANESCO, shirika la umeme, ina wateja wake, dalali wa nini?

Kwa viwanda vikubwa, hoja hiyo ni sahihi. Simu moja inatosha. Lakini tazama walio chini yao. Chumba cha minofu ya sangara kilicho nyuzi 18 chini ya sifuri, mlango ukifungwa vizuri, hustahimili saa nzima bila kompresa. Pampu zinazopandisha maji ya ziwa hadi matangi ya milimani zinaweza kujaza mapema, zikapumzika jioni, na maji yakateremka yenyewe majumbani. Mwenye mashine ya barafu anaweza kugandisha usiku wa manane. Hakuna mhandisi wa gridi atakayewapigia simu hawa mmoja mmoja. Wakijumlishwa ndipo wanapokuwa kitu, na huko kujumlisha ni kazi inayostahili malipo.

Leo hawana sababu ya kujisumbua. Hata mteja mkubwa anayelipia kilele chake, yaani mzigo wake wa juu kabisa wa umeme, kwa kipimo cha kVA hutozwa kilele chake mwenyewe, kitokee mchana au usiku. Akiiacha laini ipumue saa mbili usiku, bili haimshukuru.

Hofu ya udanganyifu ni ya kweli: mtu anaweza kupandisha matumizi makusudi, kisha ayashushe alipwe. Hili ndilo linalonipa shaka zaidi, na dawa yake ni mita zinazosomwa kwa mbali na kanuni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kabla mkataba wa kwanza haujasainiwa. Wanaohofia kwamba mikataba hii itakuwa kisingizio cha kuchelewesha laini mpya nao wasikilizwe: kila mkataba uwe na tarehe ya mwisho, ifungamanishwe na siku transfoma kubwa zaidi itakapowashwa.