Ukilazimishwa kupiga kura, utasusaje?

Wapinzani wa sheria ya kura ya lazima wana hoja nyingi, na nyingi kati yake ni dhaifu. Ile yenye nguvu kuliko zote huwa haisemwi sana, labda kwa sababu inawahusu zaidi watu wa nchi kama zetu kuliko Waaustralia, ambao ndio hutajwa kila mjadala huu unapoanza.

Tuanze na Australia basi. Katika uchaguzi wa 1922 hawakujitokeza hata asilimia 60 ya wapigakura. Mwaka 1924 Bunge likapitisha sheria, na uchaguzi uliofuata, wa 1925, waliojitokeza wakavuka asilimia 91. Karne nzima baadaye idadi bado inazunguka kwenye 90. Asiyekwenda hupelekewa barua ya kumtaka ajieleze, na asipokuwa na sababu ya kuridhisha hulipa faini ya dola 20 kwa uchaguzi wa shirikisho. Udhuru wa dini hukubaliwa. Kusema kwamba wagombea wote hawakupendezi hakukubaliwi. Mahakama Kuu yao ilishalimaliza hilo mwaka 1971.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni uhuru: haki ya kupiga kura ni pamoja na haki ya kutopiga. Inasikika vizuri, lakini ukiiangalia kwa vitendo, mwananchi wa huko anachodaiwa hasa ni kufika, jina lake litiwe alama, achukue karatasi. Akishaingia faraghani, hakuna anayemwona anachoandika. Kura zinazoharibika, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, ni kama 5 katika kila 100.

Hoja ya pili ni kwamba asiyejali akilazimishwa atapiga ovyo. Hii ina ukweli wake. Kule mpigakura huwapanga wagombea wote kwa namba, na wapo wanaoandika 1, 2, 3, 4 kutoka juu hadi chini bila kusoma jina hata moja; Waaustralia huiita kura ya punda. Mwaka 1937, enzi ambazo majina yalipangwa kwa alfabeti, chama cha Labor kiliwasimamisha katika jimbo la New South Wales wagombea wanne wa Seneti: Amour, Armstrong, Arthur na Ashley. Wote wanne walipita. Hata hivyo dawa yake haikuwa kufuta sheria. Siku hizi nafasi kwenye karatasi hupangwa kwa kura ya bahati. Na sisi tunaopiga kwa hiari, tukiwa wakweli, tuna wenzetu wangapi wanaopiga kwa sababu ya kanga na kilo ya sukari?

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito. Kutokwenda kituoni nako ni kusema. Zanzibar, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na ukaitishwa wa marudio tarehe 20 Machi 2016. CUF, chama cha upinzani, ikasusia, na Dk. Shein wa CCM akatangazwa mshindi kwa asilimia 91. Kenya, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha matokeo ya Agosti 2017, Raila Odinga alijitoa katika marudio ya Oktoba 26. Waliojitokeza walishuka kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 40, na Uhuru Kenyatta akapata asilimia 98. Unaweza kuona kususia kulikuwa kosa la kisiasa, na wapo wengi wanaoona hivyo. Lakini ile 40 kando ya ile 98 ilimweleza kila mtu jambo ambalo hotuba isingeweza. Kungekuwa na sheria ya lazima, maelfu ya watu wa Kisumu na Siaya, ngome za Raila, wangekuwa wahalifu kwa kukaa nyumbani, na serikali ingepata takwimu nzuri ya kuringia.

Hata Australia kwenyewe mpaka huo kati ya kupiga kura na kupinga uliwahi kumnasa mtu. Mwaka 1996 mwanaharakati Albert Langer aliwahimiza wapigakura waandike 1, 2, 3, 3, 3 (kule kura ya mgombea aliyeshindwa huhamia kwa mwenye namba inayofuata), ili kura yao ihesabike bila kuvifikia vyama viwili vikubwa. Alikuwa akiwaambia waende, si wakae. Alizuiwa na mahakama, akaendelea, akafungwa jela kwa kuidharau amri.

Upande wa pili nao una mfano mzito, nao ni Chile. Kura ilikuwa ya hiari huko tangu 2012. Mei 2021 wakachagua wajumbe wa kuandika katiba mpya. Waliojitokeza ni kama asilimia 43. Septemba 2022 rasimu ikapelekwa kwa wananchi, safari hii kwa lazima. Wakaja zaidi ya 85, na karibu 62 kati ya kila 100 wakaikataa. Wajumbe walikuwa wamewaandikia watu ambao hawakuwahi kuwasikia. Hilo siwezi kulipuuza: kura ya hiari huwaacha nje maskini na vijana, na wanasiasa wanajua nani hana haja ya kubembelezwa.

Ila Australia ilipomlazimisha raia, nayo ilijibebesha kazi. Uchaguzi hufanyika Jumamosi, unaweza kupiga kituo chochote katika jimbo lako (jimbo kubwa kama New South Wales, si jimbo la mbunge), mapema au kwa posta, na timu hupelekwa hospitalini na vijiji vya mbali. Hapa kwetu mtu hupiga pale alipojiandikisha. Muuza mitumba aliyejiandikisha Kisii na kuhamia Mombasa hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na biashara hulala. Anayetaka sheria hiyo ije aanze na nauli ya huyo, kisha atueleze faini itapangwa na nani, na kama tume inayomwandikia barua ya kumtoza ndiyo ile ile asiyoiamini kuhesabu kura yake.